Ujira wa Waratibu wa Ubora Katika Migodi ya Shinyanga na Geita

Katika ukurasa huu twazungumza habari ambayo kwa muda mrefu yasemwa vibarazani na katika mabasi yatokayo Kahama kwenda Geita, wala haijaandikwa kama ipasavyo. Habari yenyewe ni mshahara wa wale waitwao waratibu wa usimamizi wa ubora. Vijana wetu wenye stashahada na shahada huitwa kwenye usaili, na swali la mwisho waulizwalo ni hili: "Wataka mshahara kiasi gani?" Hapo wengi hushikwa na bumbuazi. Mmoja hutaja fedha ndogo kwa hofu ya kunyimwa kazi; mwingine hutaja fedha kubwa aliyoisikia kwa rafiki yake aliyeko Johannesburg au Perth. Wote wawili hawakuhesabu. Na sisi tuliozoea madaftari twajua ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, maana jina lake ni refu, na wako watu wanaodhani kuwa ni cheo cha kukaa kitini na kugonga mihuri. Mratibu wa ubora hachimbi, hapigi baruti, wala haendeshi gari la kubebea mawe. Kazi yake ni kuangalia kwamba kila jambo lafanywa kama lilivyoandikwa, na kwamba lililoandikwa ndilo lifaalo kufanywa. Hutunza taratibu za kazi, hukagua idara moja moja, huandika kasoro alizoziona, na hufuatia mpaka zitengenezwe. Huona kwamba mizani zimehakikiwa kwa wakati wake, na huwapokea wakaguzi watokao nje. Kanuni aifuatayo aghalabu ni ISO 9001, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na kurekebishwa mara kadhaa hata mwaka 2015. Na katika maabara hufuatwa ISO 17025. Hapa kwetu Shirika la Viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, kwa hiyo neno hili la ubora si geni katika nchi.

Na tuchukue mfano wa maabara ya kupimia dhahabu. Mpimaji huchukua gramu 50 za mawe yaliyosagwa, huyeyusha kwa moto pamoja na risasi, kisha huiondoa ile risasi mpaka dhahabu ibaki peke yake. Ikiwa jiwe lina gramu 3 za dhahabu kwa kila tani, katika chungu kile mtabaki miligramu 0.15 tu, yaani chembe ndogo kuliko kichwa cha pini. Basi chungu kikiwa na uchafu wa sampuli iliyotangulia, au mizani ikiwa imeelemea upande mmoja, hesabu huharibika, na mashimo huchimbwa pasipo na mali. Kwa sababu hiyo, katikati ya sampuli hutiwa kwa siri sampuli tupu isiyo na dhahabu, na sampuli pacha, na nyingine ambayo kadiri ya dhahabu yake yajulikana tangu mwanzo. Matokeo yakija, yuko mtu wa kuyasoma na kusema: "Kundi hili halikubaliki, lipimwe upya." Mtu huyo, au yule amsimamiaye, ndiye tunayemnena. Neno lake moja laweza kuwasimamisha watu zamu nzima.

Asemaye kwamba kipimo ni jambo dogo na akumbuke habari za makinikia. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia yasisafirishwe kwenda nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Mwezi Mei kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa taarifa kwamba wastani wa dhahabu iliyomo ni gramu 1,400 kwa tani. Hali kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikuwa imesema kama gramu 200, nayo ikaikana ile taarifa. Sisi hatukukaa hapa kuamua nani alikuwa na haki. Mambo yale yalimalizwa kwa mapatano baina ya Serikali na kampuni ya Barrick, yaliyotiwa sahihi tarehe 24 Januari 2020, ikaundwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina hisa 16 kwa mia. Twataka msomaji aone jambo moja tu. Kitu kilikuwa kimoja, hesabu zilikuwa mbili, na moja ilizidi nyingine mara saba. Kwa ajili hiyo kazi ya Bulyanhulu ilipungua sana, na watu wa Kahama waliokuwa na mishahara walirudi majumbani bila mshahara.

Tena mwaka ule ule wa 2017 sheria iliupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka 4 hadi 6 kwa mia, na ikaongeza ada ya ukaguzi ya 1 kwa mia. Mrabaha hutokana na thamani, na thamani hutokana na kipimo. Kipimo kikikosewa, kodi ya nchi nayo imekosewa, na mshahara wa mwalimu na wa mganga hutoka humo humo.

Wala si dhahabu tu. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, katika wilaya ya Kishapu, ulibomoka, na tope likaingia katika mashamba na makao ya wanavijiji. Hatusemi ni kosa la nani. Twasema tu kwamba ukuta wa bwawa, kama vile mizani, hutaka mtu wa kuutazama kila siku, mwenye maarifa ya kutambua ufa ungali mdogo, na mwenye uhuru wa kuuandika bila kutetemeka.

Wako waajiri wasemao hivi: "Mratibu wa ubora hatuletei hata wakia moja ya dhahabu; yeye ni gharama tu, basi na alipwe kama karani wa chini." Neno hili twalijua sana, maana sisi makarani tumeambiwa vivyo hivyo tangu zamani. Jibu letu ni hili. Karani wa chama cha ushirika halimi hata ratili moja ya pamba, lakini chama kisicho na karani mwaminifu hakifiki msimu wa pili. Mkulima wa Usukuma ajua ya kuwa jasho lake la mwaka mzima hukutana na mizani kwa dakika moja, na katika dakika ile huwa tajiri au maskini. Asimamaye penye mizani hazalishi pamba, bali huilinda isipotee. Halikadhalika mratibu.

Tena lipo jambo la ndani zaidi. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko. Mtu huyu kazi yake hasa ni kukataa: kukataa sampuli mbovu, kukataa saruji isiyo na nguvu, kukataa kutia sahihi penye kasoro. Watu wanaotaka asikatae ni wengi, na baadhi yao wana fedha mfukoni. Hatusemi kwamba mshahara mkubwa humgeuza mwizi kuwa mwaminifu; la, hatujaona hivyo. Bali twasema mshahara mdogo humtia mashakani hata aliye mwaminifu, hasa mwezi wa Januari karo zinapodaiwa. Mwajiri ampaye mratibu ujira haba hujipunguzia gharama katika daftari moja na kuziongeza katika daftari jingine asilolitazama.

Sasa tutazame nyuma kidogo, kwa kuwa habari za mishahara katika nchi hii zina historia yake. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930, na mgodi ule wa kwanza ukafungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui ilionekana na John Williamson mwaka 1940. Katika siku zile mshahara haukupimwa kwa kazi. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa Serikali katika Afrika ya Mashariki mwaka 1947 na 1948, iliithibitisha ile kanuni ya kwamba mtumishi asiye Mzungu, hata akifanya kazi ile ile, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Palipostahili shilingi 1,000, yeye alipewa 600. Kanuni ile iliondolewa baada ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1953 na 1954, wala haikuondoka kwa huruma tu, bali kwa watumishi kuandika, kuhesabu na kudai kwa adabu miaka mingi.

Leo hapana sheria ya rangi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa taifa lake, kabila lake, rangi yake au jinsia yake, na yataka mwanamume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kadhalika kanuni za mwaka 2018 za kuwashirikisha wazawa katika madini zamtaka mwenye leseni aeleze jinsi atakavyowaajiri Watanzania na kuwafundisha, ili wazirithi kazi zilizoshikwa na wageni. Lakini yafaa tuangalie, maana zile tatu katika tano zaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Mratibu mmoja huandikwa na mgodi wenyewe. Mwenzake, mwenye cheti kile kile, anayekagua ukuta ule ule na kula katika ukumbi ule ule, huandikwa na mkandarasi au wakala wa ajira, na ujira wake hupunguzwa kwanza na wakala kabla ya kumfikia. Hapo rangi haitajwi kabisa, hutajwa mkataba. Sisi twaona kwamba kazi moja ikiwa na bei mbili, bei ya chini ndiyo itakayoivuta ile ya juu, na hatimaye wote watashuka.

Basi kijana aulizwapo ataka kiasi gani, ajibu nini? Hatutamtajia fedha moja ya kuwafaa wote, kwa sababu mgodi mkubwa wa Geita si sawa na mwenye karasha wa Nyarugusu, wala aliyetoka chuoni jana si sawa na mwenye miaka kumi ya ukaguzi. Lakini twaweza kumpa njia ya kuhesabu.

Kwanza, asikifanye kima cha chini kuwa kipimo chake. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 400,000 kwa mwezi kwa makampuni yenye leseni za uchimbaji na utafutaji wa madini, na amri zilizofuata zimepandisha viwango. Katika utumishi wa Serikali kima cha chini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 mwezi Julai 2025. Hesabu hizi zatuonyesha sakafu ya nyumba, yaani mahali ambapo mfanyakazi asiye na ujuzi wowote hapaswi kuanguka chini yake. Mwenye ujuzi aulize urefu wa ukuta.

Pili, ajilinganishe na mtu ambaye kazi yake aweza kuisimamisha. Ikiwa mratibu ana amri ya kumwambia mkuu wa zamu, "Simamisha," haifai ujira wake uwe mdogo kuliko wa mkuu wa zamu. Neno la mtu wa chini likimzuia mtu wa juu huonekana kuwa ujeuri, na baada ya mara mbili halisikiwi tena. Hiki ndicho kipimo tunachokipenda kuliko vingine vyote, kwa kuwa kinatoka katika kazi yenyewe.

Tatu, ahesabu fedha itakayofika mkononi. Tuseme kwa mfano tu kwamba ameahidiwa shilingi 1,500,000. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii huchukua 10 kwa mia, yaani 150,000. Inayobaki, 1,350,000, hutozwa kodi kwa vipimo vilivyowekwa mwaka 2021: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na 30 kwa mia ya kila kinachozidi, ambayo ni 105,000, jumla 233,000. Mkononi zitafika 1,117,000. Na kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, hukatwa tena 15 kwa mia ya mshahara wa msingi, yaani 225,000, akabakiwa na 892,000. Kijana huyu alikwisha mwambia mama yake kule Maswa kwamba atapata milioni moja na nusu, na ndugu wamekwisha igawa. Heri angaliihesabu kabla ya kutia sahihi kuliko kuhesabu mwisho wa mwezi.

Nne, atazame saa za kazi pamoja na jina la cheo chake. Sheria yaweka saa 45 kwa juma, na kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Katika mfano wetu, mwezi una saa kama 195, basi saa moja ni shilingi 7,692, na saa ya ziada ni 11,538. Akizidisha saa 20 kwa mwezi, hiyo ni kama 230,000, karibu sawa na mkopo wote anaokatwa. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba masharti ya saa za kazi hayamhusu mtu anayewasimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kutoa taarifa moja kwa moja kwa mkuu wa ngazi ya juu. Hapa ndipo wengi hupotea. Huitwa "meneja" au "mkuu" kwa jina tu, wala hana hata mtu mmoja chini yake. Akifurahia jina, hupoteza saa zake. Aulize kwa maandishi: "Je, nasimamia nani?" Ikiwa hasimamii mtu, jina lisimnyang'anye haki yake.

Tano, ajue umri wa mgodi. Mgodi si ofisi ya wilaya, ambayo mtu huingia akiwa kijana na kutoka mzee. Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009 na ukakoma mwaka 2021, miaka 12 tu. Kwa sheria, mtu aachishwaye kazi hupewa kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka alioutumikia, lakini haihesabiwi zaidi ya miaka 10. Basi hata aliyefanya miaka yote 12 hapewi zaidi ya siku 70. Kwa sababu hiyo mshahara wa mgodini lazima uwe na sehemu ya akiba na sehemu ya mafunzo. Cheti cha ukaguzi kitambulikanacho nje ya mgodi hufaa zaidi kuliko nyongeza ya miezi michache, kwa maana mgodi ukifungwa, cheti huondoka pamoja na mwenyewe.

Tumesema na waajiri. Sasa ni haki tuseme na vijana. Wako wanaohudhuria mafunzo ya siku tatu hotelini Mwanza, wakapewa karatasi yenye muhuri wa dhahabu, kisha wakadai mshahara wa mtu aliyekagua migodi kumi. Hili halifai. Anayetaka ujira wa mjuzi awe mjuzi. Ajue kusoma matokeo ya maabara, ajue hesabu za wastani na za tofauti, ajue kuandika taarifa fupi isiyotukana mtu, na ashuke mwenyewe kule chini ya ardhi badala ya kukagua kwa simu. Tena ajue lugha ya watu wa kazi; taratibu ikiandikwa Kiingereza kitupu na kubandikwa ukutani, fundi wa zamu ya usiku huipita kama apitavyo tangazo la sabuni. Mratibu afasiriaye taratibu kwa Kiswahili safi, hata kila mtu akaifahamu, amefanya kazi ya watu wawili, na ana haki ya kulitaja jambo hilo anapodai.

Wala tusiwasahau wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Mgusu na Nyarugusu. Tangu soko la dhahabu lilipofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, mchimbaji mdogo naye hupimiwa mali yake mbele ya macho yake. Hawezi kumwajiri mratibu peke yake, lakini vyama vyao vikichanga vyaweza kumwajiri mmoja kwa zamu, kama vyama vya pamba vilivyowaajiri makarani. Rahisi huvunja upishi. Kijana asiye na ujuzi akipewa kazi ya kuangalia zebaki na mizani kwa ujira wa kibarua, hasara itawarudia wote.

Mwisho, ndugu zetu, tuna maombi matatu. Wanachama walio katika ofisi za kazi na za madini wawaeleze vijana sheria hizi wanapouliza, bila kuwazungusha. Makarani wanaoandika mikataba waandike jina la cheo, saa za kazi, mshahara wa msingi na posho, kila kitu katika mstari wake, kwa sababu sheria yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Na wale ambao tayari ni waratibu, wasifiche mishahara yao kwa wadogo zao kama siri ya ukoo. Mwajiri ajua anavyowalipa wote; mfanyakazi ajua wake peke yake. Wakiketi mezani namna hiyo, mmoja ana daftari na mwingine hana.

Sisi twaona ya kuwa mizani ya haki huanza kwa kumpa haki yake yule aishikaye.